Yanaanzia Hapa, Yanashukia Pale

Mjamzito akisema kiuno kinamuuma, watu humwitikia kama vile amewaamkia. Pole, ndiyo hali hiyo, na mazungumzo yanaendelea. Karibu nusu ya wanawake huumwa mgongo au nyonga kwa kiwango fulani wakati wa mimba, na jambo linalowapata wengi kiasi hicho huacha kuhesabiwa kuwa ugonjwa. Linakuwa hali. Hali haitibiwi, huvumiliwa.

Katika mimba yangu ya pili niliitikiwa hivyo mara nyingi, mpaka nikaanza kuamini kwamba wenzangu wote wanaumwa vilevile, ila wao wana moyo wa kustahimili na mimi sina. Leo sivyo ninavyoona. Maumivu yangu yalikuwa na njia yake maalumu mwilini, na wapo watu wenye ujuzi wa kuitambua njia hiyo. Aliyekuwa anakosekana ni wa kuieleza, na huyo asingeweza kuwa mwingine ila mimi.

Nafundisha shule ya msingi hapa Tanga. Mimba ilikuwa imeingia mwezi wa sita siku niliyogeuka kutoka ubaoni kuwatazama watoto, nikapigwa shoti. Sina namna nyingine ya kusema. Ilianzia ndani kabisa ya tako la kushoto, ikashuka nyuma ya paja, ikapita ubavuni mwa goti, ikateremka upande wa nje wa muundi na kuishia kwenye kidole gumba cha mguu. Chaki ikaniponyoka. "Madam, umekanyaga mwiba?" akauliza mtoto wa dawati la mbele, na nusu ya darasa ikainama chini kuutafuta.

Tangu siku ile kukaa kukawa kubaya kuliko kusimama, kusimama kukawa kubaya kuliko kutembea, na kutembea nako kukawa na mpaka wake: barabara tatu nne za Ngamiani, basi, kisha natafuta baraza la kuegemea. Chafya niliiogopa. Nikihisi inakuja natafuta kwanza ukuta wa kushika. Usiku mguu ulikuwa unawaka, kisha unakufa ganzi, kisha unawaka tena. Kuvaa nguo ya ndani kwa kusimama mguu mmoja, jambo ambalo mtu hulifanya bila kujua kuwa analifanya, likawa kazi ya kupangia.

Kliniki nilikuwa nakwenda kwa tarehe zangu. Uzito, presha, mkojo. Tumbo likapimwa, mapigo ya moyo wa mtoto yakasikilizwa. Vidonge vya kuongeza damu, dawa ya kukinga malaria, tarehe ya kurudi. "Kuna shida nyingine, mama?" Kiuno, sista, kinanisumbua. "Ndiyo mimba hiyo, mama. Pumzika, usibebe vitu vizito." Akaitwa mwingine. Yule nesi simlaumu. Benchi nje lilikuwa limejaa hadi mwisho wa ukumbi, na habari niliyompa ilikuwa ileile aliyokwisha kupewa na kila aliyenitangulia.

Nadhani hapa kuna jambo la malezi. Kwetu pwani mwanamke aliyelelewa vizuri ana kiuno kinachoanzia mbavuni na kuishia magotini. Lolote linalomuuma katikati ya hapo, mbele au nyuma, ni kiuno, hasa anayemuuliza akiwa mgeni, na zaidi akiwa mwanamume. Adabu hiyo ina uzuri wake sebuleni. Chumba cha daktari kinahitaji adabu nyingine.

Mtaani, tiba zilikuja zenyewe. Jirani wa kulia alisema ni baridi ya sakafu, nisitembee pekupeku. Wa kushoto alisema mtoto amelalia mshipa, na kwa vile ni upande wa kushoto basi ni wa kike, na watoto wa kike wana makusudi. (Alizaliwa wa kiume.) Shoga yangu mmoja aliniletea pemba, ule udongo wa kutafuna, akidai unakaza mifupa. Nilimshukuru nikauweka kabatini. Nilichokuwa nakijua juu ya udongo ule ni kwamba unaweza kuzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo kwenye chakula na kwenye vidonge nilivyokuwa nameza, na damu yangu haikuwa ya kuchezea.

Aliyevunja mambo ni mama mkwe. Alikuja kutoka Pangani kunitazama, akakaa mkekani anapepeta mchele, na kwa muda mrefu hakuniuliza chochote. Alikuwa anautazama mwendo wangu.

"Mwanangu, hicho si kiuno," akasema. "Mguu huo unauburuta."

"Ni kiuno, mama, kinashuka mpaka mguuni."

"Kinaanzia wapi?"

Nilizunguka kidogo. Shemeji yangu alikuwa mlangoni anatengeneza baiskeli. Mama akamfukuza kwa mkono, akangoja, kisha akarudia swali. Nilipomwambia alicheka hadi ungo ukatikisika. "Na hospitali umewaambia hivyo? Hukuwaambia! Mficha uchi hazai, mwanangu. Rudi kawaambie ni takoni."

Basi nikarudi, na safari hii nilikwenda nimejiandaa kama mwalimu anayekwenda kukaguliwa. Nilikuwa nimetazama kwa siku kadhaa yanazidi lini na yanapungua lini. Aliyekuwepo zamu ile alikuwa daktari kijana, rika la mdogo wangu wa mwisho. "Dokta, yanaanzia hapa," nikashika tako kwa kiganja kizima, "yanashukia pale," nikamwonyesha kidole gumba. "Nikikaa yanazidi. Nikikohoa yananichoma. Nikitembea kidogo yanalegea. Usiku mguu unakufa ganzi upande wa nje. Wa kulia hauna kitu."

Akaweka kalamu chini. Alinisaidia kupanda kitandani, akanyanyua mguu wa kulia ukiwa umenyooka: hamna kitu. Akanyanyua wa kushoto, na haujafika hata nusu ya njia nikamdaka mkono. Akanigonga magoti kwa kinyundo cha mpira, akanipapasa miguu kwa pamba nikiwa nimefumba macho nimwambie ni wapi, akaniambia nitembee kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole. Hakuna mashine iliyowashwa. Eksirei hakuitaka kwa sababu ya mtoto, na picha kubwa zaidi alisema ingetafutwa kama mguu ungekuwa unapoteza nguvu. Haukuwa.

Alichonieleza ni hiki. Kuna mshipa wa fahamu unaoitwa siatiki, mnene kuliko mingine yote mwilini, unakaribia unene wa kidole. Mizizi yake hutoka kwenye pingili za chini za uti wa mgongo, hukusanyika, hupita ndani ya tako chini ya msuli mmoja mdogo, hushuka nyuma ya paja na kugawanyika karibu na goti. Ukibanwa au kuchokozwa huko juu, mwenye nao husikia huku chini. Ndiyo maana nilikuwa nakanda kigimbi bure. Kigimbi hakikuwa na kosa.

Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitarajia: wajawazito wengi wanaoumwa sehemu zile hawana siatiki. Wana maumivu ya viungo vya nyonga vyenyewe, ama nyuma pale nyonga inapoungana na uti wa mgongo, ama mbele kwenye kinena. Hayo huzidi mtu akipanda ngazi, akijigeuza kitandani au akisimama kwa mguu mmoja, na mara chache huvuka goti. Yangu yalikuwa yanavuka goti na kwenda hadi kidoleni, tena na ganzi yake. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyoamua nifanye mazoezi gani na nisifanye yapi, na isingejulikana kwa mtu aliyesema kiuno akanyamaza.

Mwalimu hawezi kuachia hapo, nikaenda kusoma. Kumbe kuchanganya nyonga na mshipa ni jambo la kale sana, na waganga wasomi wa Ulaya walilifanya kwa karne nyingi, wakiyahesabu maumivu yote ya eneo lile kuwa ni ya kiungo cha nyonga. Ilikuwa mwaka 1764 ndipo Domenico Cotugno, daktari wa Naples, Italia, alipotoa kitabu kinachotenga maumivu ya kiungo na maumivu ya mshipa wa fahamu, na hata hayo ya mshipa akayagawa: yanayopita mbele ya paja na yanayopita nyuma. Nilifurahi kwa namna ya ajabu. Mama mkwe naye alikuwa ametofautisha kiuno na mguu kwa kunitazama tu nikipita uani.

Na kwa nini mimba? Jibu la mtaani, kwamba mtoto amelalia mshipa, lina ukweli mdogo kuliko linavyoaminiwa. Mwishoni kichwa cha mtoto kikishuka kinaweza kuleta mbano, lakini kwa wengi sababu ziko nje ya mfuko wa uzazi. Mwili wenye mimba hutoa homoni ya relaksini. Mtafiti wa Marekani, Frederick Hisaw, ndiye aliyeieleza mwaka 1926, baada ya kuwadunga wanyama wadogo wa maabara maji ya damu ya wanyama wenye mimba na kuona nyonga zao zinalegea. Kano zinazoshika mifupa hulegea ili mtoto apate njia, na misuli ya matako na mgongo inalazimika kushika kile ambacho kano zimeachia. Tumbo nalo linavuta mbele, mgongo wa chini unajipinda zaidi, misuli inakaza mchana kutwa, na mshipa unapita katikati ya hayo yote. Nilipolielewa hilo niliacha kumlaumu mtoto, jambo ambalo kwa kweli lilikuwa limeanza kunijia usiku.

Swali langu la kwanza kwa daktari lilikuwa la dawa. Mume wangu alikuwa ameshanunua diklofenaki duka la dawa, kwa huruma tu, kwa sababu ndiyo kila mtu anayonunua akiumwa mgongo, na haihitaji maelezo marefu dirishani. Nilikwenda na karatasi yake mkononi. Daktari aliisukuma pembeni ya meza. Dawa za kundi hilo, ibuprofeni ikiwemo, huepukwa kuanzia wiki ya 20 ya mimba isipokuwa daktari ameona sababu maalumu: zinaweza kuathiri figo za mtoto na kupunguza maji anayoogelea, na mimba ikikomaa zaidi zinaweza kufunga kabla ya wakati mshipa wa damu ulio karibu na moyo wake, ambao unatakiwa ubaki wazi mpaka azaliwe. Aliniruhusu paracetamoli, kwa kipimo na kwa siku zile mbaya tu. Haikumaliza maumivu. Iliyapunguza makali kiasi cha kunipa usingizi wa kipande.

Na kabla sijatoka alinishika mkono kwa maneno haya, ambayo nimeyarudia kwa wengi: nikijiona nashindwa kuzuia mkojo au choo, nikipata ganzi sehemu ya kukalia baiskeli, au unyayo ukianza kulegea nisiweze kuunyanyua, nisingoje tarehe ya kliniki, niende usiku huohuo. Mguu mmoja ukivimba na kuwa wa moto, huo si mshipa wa fahamu, huenda damu imeganda, niende. Homa na maumivu ya kukojoa, niende. Mgongo ukiuma kwa vipindi vinavyokuja na kuachia kwa mpangilio, hata kama mwezi wa tisa bado, huenda ni uchungu, niende.

Mazoezi nilifundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia, mwanamke mpole asiyependa haraka. Lakini nikisema mazoezi msifikirie kuruka. Mengi yalikuwa madogo hata kuyaonea aibu. Kukaa kwenye kiti, kuweka kifundo cha mguu wa kushoto juu ya goti la kulia, na kuinama mbele taratibu hadi tako livutike, kisha kupumua. Kusimama mgongo ukutani na kuubana mgongo wa chini uguse ukuta. Kupiga magoti na kuweka viganja chini, kuupandisha mgongo juu na kuurudisha usawa, bila kuuacha uning'inie. Kila kimoja kikiacha kuvuta na kuanza kuchoma, unaacha hapohapo. Mshipa uliokasirika, alisema, haunyooshwi kwa nguvu.

Faida kubwa zaidi, hata hivyo, sikuipata kwenye mkeka wa mazoezi. Niliipata uani. Yule mtaalamu aliniuliza kazi zangu za nyumbani moja moja nazifanyaje, akanitaka nimwonyeshe. Nikamwonyesha. Kufua: beseni liko chini, miguu imenyooka, mwili umekunjwa kutoka nyonga. Kufagia: fagio la chelewa, fupi, mwili umekunjwa vilevile. Kuosha vyombo: chini. Kukuna nazi: juu ya mbuzi, magoti yamepanda hadi kifuani, au niseme hadi tumboni. Kupika: jiko la mkaa, chini. Tukatazamana. Nyumba yangu nzima ilikuwa imejengwa kwa urefu wa kumfanya mwanamke ainame, na kuinama kwa miguu iliyonyooka ndiko hasa kunakovuta ule mshipa kwa urefu wake wote.

Vitabu vya wajawazito nilivyokuwa nimeviona havikujua hilo. Vinashauri uchague sofa gani na mto wa umbo gani. Hakuna hata kimoja kilichozungumzia mbuzi ya nazi.

Kwa hiyo tukapandisha nyumba juu. Mume wangu alitafuta meza ya zamani ya kuuzia nyanya, akaikata miguu kidogo, beseni la kufulia likawekwa pale. Nguo nzito, jinzi na mashuka, akachukua yeye. Majirani walimwona anafua wakasema waliyosema, naye ana sifa moja nzuri: hasikii vizuri anapotaka. Jiko la mkaa likapandishwa juu ya matofali. Fagio la chelewa likafungwa kwenye mpini mrefu. Nazi nikawa nanunua iliyokunwa kwa mashine sokoni, na ukiniuliza juu ya ladha nitakwambia ukweli, tui lake si lilelile, lakini wali uliwa. Ndoo ya maji ikagawanywa kwenye madumu mawili madogo, moja kila mkono, ili mwili usivutwe upande.

Sioni haya kusema kwamba meza ile ya nyanya ilinisaidia kuliko paracetamoli.

Usiku ulihitaji ufundi wake. Godoro letu la sponji lilikuwa limebonyea katikati, tukaligeuza na kuweka ubao chini yake. Nililala kwa ubavu, mara nyingi wa kulia ili mguu mbaya uwe juu, mto wa sufi ukiwa katikati ya magoti hadi vifundoni, na kanga iliyokunjwa chini ya tumbo. Wengi husisitiza ubavu wa kushoto; mtaalamu aliniambia kubwa ni kutolala chali miezi ya mwisho, maana uzito wa mfuko wa uzazi unakandamiza mshipa mkubwa wa damu unaorudi kwenye moyo, na ubavu wowote ni bora kuliko hapo. Kujigeuza nikajifunza upya: magoti pamoja, mabega na nyonga vigeuke kwa wakati mmoja. Kuamka vilevile, kwanza ubavu, kisha miguu ishuke, kisha mkono usukume.

Swala nayo ilinishughulisha. Dini yetu inamruhusu mgonjwa kuswali amekaa, na akishindwa hata kukaa, aswali kwa ubavu, hivyo hilo halikuwa tatizo la hukumu. Tatizo lilikuwa kwamba maumivu hayakuwa sawa katika kila nguzo. Rukuu ilinichoma hadi kisiginoni. Kikao cha tahiyatu, kukalia mguu, kilikuwa hakiwezekani. Lakini sijida, magoti nikiwa nimeyaachanisha kidogo ili tumbo lipate nafasi, ilikuwa ni raha tupu. Uzito wote unaondoka mgongoni na mguu unanyamaza. Nikawa naswali kwenye kiti, na nikishamaliza nashuka kwenye mkeka kwa ile sijida ndefu isiyo na haraka. Nilipomsimulia yule mtaalamu wa fiziotherapia, ambaye ni Mkristo, alisema ni jirani kabisa na zoezi lake la magoti na viganja, akaongeza muda.

Kuna neema nyingine tuliyonayo Tanga na hatuitumii: bahari. Siku za mapumziko, maji yakiwa yamejaa na kutulia, nilikwenda Raskazone na shoga yangu, nimejifunga kanga mbili, tukaingia hadi kifuani. Ndani ya maji tumbo halina uzito. Nilitembea mle kwenda na kurudi, mguu wa kushoto ukiwa kimya, na mtoto, sijui kwa nini, akicheza zaidi kuliko saa yoyote. Tabu ilikuwa ni kutoka. Hatua mbili tatu za mwisho, maji yanaposhuka kutoka kifuani hadi magotini, uzito wote unarudi kwa mpigo, na shoga yangu ilibidi anishike.

Shuleni nilikuwa na darasa la watoto zaidi ya 80 na kiti kimoja kisicho na mgongo. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu na maneno yaleyale, isipokuwa kwake nilianzia nyonga, kwa sababu kuna mipaka. Nilimweleza kuwa siwezi kukaa zaidi ya nusu saa wala kusimama zaidi ya hapo, nahitaji kubadilisha, na siwezi kubeba madaftari. Alinipa kiti cha ofisini kwake. Watoto wakaanza kugombania kubeba madaftari hadi ikabidi kuwekwe zamu. Daladala nikawa naomba siti ya mbele. Makonda wa huku, pamoja na maneno yao yote, wakisikia mjamzito hawezi kukaa nyuma watamwinua hata mzee wa heshima.

Jambo ambalo walimu wenzangu wengi hawakulijua ni la sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Hilo la siku 84 kila mtu analijua. Lisilojulikana sana ni kwamba likizo hiyo inaweza kuanza wiki 4 kabla ya tarehe ya matarajio, na hata mapema zaidi daktari akithibitisha kuwa afya ya mama au ya mtoto inahitaji. Daktari hawezi kuthibitisha kiuno cha kila mtu. Lakini kadi yangu sasa ilikuwa imeandikwa mguu gani, tangu lini, na kipimo gani kimefanyika, kwa hiyo barua haikuwa na ubishi. Siku nilizozitumia mapema zilipungua kwenye zile za baada ya kujifungua, na hesabu hiyo kila mama aipige mwenyewe. Mimi sikuijutia.

Mama mkwe hakuondoka. Kila jioni alinikanda kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu na mafuta ya nazi, nikiwa nimekaa kwenye kiti kwa kukigeukia, kifua kimeegemea mgongo wa kiti. Tumbo hakuligusa, na aliyetaka kunileta mkunga wa kulinyoosha alimjibu mwenyewe kwa lugha ya Pangani isiyoandikika. Pia alinifunga kanga chini ya tumbo, ikizunguka nyonga, fundo kwa ubavu, imekaza lakini kidole kinapita. Mtaalamu alipoiona alisema mkanda wa dukani unafanya kazi hiyohiyo kwa bei isiyo hiyo.

Nilipofika leba nilimwambia mkunga kabla hata ya kuulizwa: mguu wa kushoto usivutwe, usipanuliwe kwa nguvu, nahitaji kulala ubavu. Aliniandika kwenye faili, na saa nyingi nikazipitisha kwa ubavu na kwa kutembea. Uchungu wa uzazi una sifa yake, lakini una mapumziko katikati. Kwa mtu aliyetoka kwenye maumivu yasiyopumzika, mapumziko yale yalikuwa kitu kikubwa.

Wasiwasi wangu kwamba mguu ungebaki hivyo daima haukutimia. Wiki chache baada ya kujifungua yale ya kuchoma yalikuwa yameondoka, ila ganzi ya kidole gumba ilikaa kwa miezi kabla ya kupotea. Ndani ya arobaini mama mkwe alinifunga mkaja na kunikanda kwa maji ya moto kama desturi. Tulipatana kwamba mkaja usibane hadi kupumua kuwe kazi, na maji ayajaribu kwanza kwenye mkono wake mwenyewe, si kwenye wangu uliozoea chaki.

Mwaka jana wifi yangu alipata mimba, akanipigia simu analalamika kiuno. Nikamwuliza kinaanzia wapi. Kimya. Nikasikia sauti ya mumewe nyuma. "Mtoe kwanza nje," nikamwambia, "halafu uniambie." Alipobaki peke yake akasema ni mbele, kinenani, na kidogo nyuma kwenye nyonga zote mbili, yanamkata akipanda ngazi na akijigeuza usiku. Hayafiki gotini. Nikamwambia hayo si yangu, asiyaige mazoezi yangu ya kunyoosha mguu, afunge kanga kwenye nyonga, akae chini anapovaa, na Jumatatu akamweleze nesi maneno hayohayo aliyonieleza mimi, bila kuyapunguza.